Ng'ombe, Kadi na Daftari: Historia ya Kinga ya Maisha na Afya Kisaka

Kinga dhidi ya ukata na maradhi katika nchi ya Kisaka ina umri mrefu kuliko mfuko wowote wa hifadhi ya jamii nchini Tanzania. Kisaka ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, katika eneo la Wangoreme kusini mwa Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni Tarime, nchi ya Wakurya. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakulima wa ulezi na mtama, wafugaji na wawindaji, wenye lugha na desturi zinazokaribiana. Kabla mshahara haujaingia katika nchi hiyo hapakuwa na mtu aliyehesabiwa kuwa hana kazi. Palikuwa na asiye na ng'ombe, asiye na mtoto au asiye na ukoo. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kulala njaa, na wa kwanza kulala kitandani.

Kinga ya kale ilisimama juu ya mambo machache yaliyotegemeana. Ulezi huweza kukaa ghalani kwa miaka bila kubunguliwa, kwa hiyo nyumba yenye ghala kubwa iliweza kupita msimu mmoja wa ukame bila kumwomba mtu. Ng'ombe hawakufungwa wote katika zizi moja. Mwenye kundi kubwa alikabidhi baadhi kwa jamaa na marafiki wa mbali, nao walikamua maziwa na kumtunzia mifugo, ili ugonjwa au uvamizi ukilipata zizi moja usimalize mali yote. Mgonjwa asiyeweza kupalilia alipaliliwa shamba na majirani waliokusanyika kwa risaga, kazi ya pamoja iliyomalizika kwa pombe na chakula cha mwenye shamba. Wanaume waliotahiriwa pamoja walistahili ukarimu wa wana rika wenzao popote walipokwenda, na mwenye njaa aliweza kusafiri hadi eneo lenye mavuno akapokewa na mtu wa rika lake ambaye hajawahi kumwona.

Desturi iliyokwenda mbali zaidi katika kazi hiyo ni ile Wakurya wanayoiita nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari binti, binti huyo akaja kukaa naye na kumzalia watoto kwa mwanamume aliyekubaliwa. Watoto huwa wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Watu wengi wa nje wameiona desturi hii kuwa kioja, na magazeti yameiandika hivyo mara nyingi. Ukiitazama kwa jicho la bima, haina kioja chochote: mjane mzee alitumia ng'ombe kununua nguvukazi ya kulima, mikono ya kumuuguza na mrithi wa kumzika. Bei ya kinga hiyo kwa upande wa binti ni jambo jingine, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyetoka katika nyumba maskini zaidi na ndiye aliyebeba kazi zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mpango huu umeendelea kuishi nje ya sheria, na madai ya urithi na malezi yatokanayo nao hayana njia nyepesi mahakamani.

Mfumo huo wa kale ulikuwa na udhaifu mmoja: uliweza kumwokoa mtu mmoja aliyeanguka, si nchi nzima iliyoanguka kwa pamoja. Udhaifu huo ulionekana wazi katika muongo wa 1890. Sotoka ya ng'ombe ilifika katika nchi za kando ya Ziwa Victoria karibu na mwaka 1891 ikafyeka mifugo. Ndui ikafuata, kisha funza, mdudu aliyetoka Amerika kwa meli na kuenea bara kutoka pwani ya magharibi. Mtu aliyeliwa na funza miguuni hakuweza kulima, na asiyelima hakuvuna. Marafiki wa mbali waliokabidhiwa ng'ombe nao walikuwa wamepoteza wao. Familia za Serengeti ya magharibi zilihamia kwa Wasukuma kutafuta chakula, na nyingine ziliwaacha watoto huko kwa kubadilishana na nafaka. Pale watu na ng'ombe walipopungua, vichaka vilirudi, na pamoja navyo mbung'o. Mtaalamu wa wadudu John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu malale barani Afrika, alieleza uhusiano huo vizuri: kundi la watu wanaolima na kuchunga ndilo lililokuwa likimzuia mbung'o, na lilipovunjika ugonjwa ulipata nafasi. Katika miaka ya 1920 malale ilikuwa tatizo kubwa katika maeneo ya Maswa na Ikoma. Maradhi yalikuja baada ya watu kuporomoka kiuchumi, kisha yakawazuia wasiinuke tena.

Utawala wa Kijerumani uliingia katika nchi hiyo iliyochoka. Kuna kinaya ndani yake ambacho hakipaswi kuachwa. Ujerumani ndiyo dola ya kwanza duniani kuweka bima ya lazima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, kwa sheria ya mwaka 1883 chini ya Kansela Bismarck, ikafuatiwa na bima ya ajali mwaka 1884 na ya uzee mwaka 1889. Miaka miwili baada ya sheria ile ya kwanza, dola hiyo hiyo ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Sheria za bima hazikuvuka bahari. Kilichovuka ni kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka uliofuata, ambayo ilimlazimu mkulima atafute fedha, na asiye na cha kuuza auze nguvu zake. Kwa njia hiyo kazi ya mshahara ililetwa bila kinga yake.

Chini ya Waingereza, Wilaya ya Mara Kaskazini, ng'ambo ya mto, ilipeleka vijana sehemu kuu mbili. Moja ilikuwa jeshi na polisi, ambako Wakurya walijipatia sifa tangu enzi za King's African Rifles hadi Jeshi la Wananchi. Nyingine ilikuwa migodi ya dhahabu ya mkoa, hasa Buhemba na Kiabakari, pamoja na mashamba na miji ya Kenya, ambako mpaka ulivukwa kwa miguu. Ajira hizi mbili zilitofautiana sana kwa upande wa afya. Askari alipimwa, alilishwa, alitibiwa, na akistaafu alipata kiinua mgongo au pensheni. Kibarua wa mgodini alipata posho ya chakula na zahanati ya mgodi maadamu mkataba unaendelea. Akianza kukohoa kwa vumbi la mwamba au akivunjika mguu vibaya, alirudishwa kwao. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi iliyopitishwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940 ilimpa aliyeumia haki fulani, lakini ugonjwa unaojitokeza miaka kadhaa baada ya kuacha kazi haukuwa na wa kuulipia. Serikali ya kikoloni ilijua kijiji kitampokea. Mshahara ulikuwa mdogo kwa sababu mke, shamba na ukoo ndio waliokuwa hospitali na pensheni ya kibarua, na mwajiri hakuwalipa kwa huduma hiyo hata senti.

Tiba ya kisasa kwa watu wasio na ajira ililetwa zaidi na wamisionari. Wamenoni kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, na hospitali yao ikawa kimbilio la wagonjwa wa ukanda wote, wakiwemo wenye ukoma. Wakatoliki wa Maryknoll walifika jimbo la Musoma mwaka 1946 na vituo vyao vikaenea hadi Iramba, katikati ya Wangoreme. Huduma hizi hazikuuliza kama mtu ameajiriwa. Ziliuliza kama ameweza kufika, na kwa mtu wa Kisaka wakati wa masika, mito ikiwa imefurika, hilo lilikuwa swali gumu vilevile.

Baada ya uhuru zilijengwa kuta mbili za kinga kwa wakati mmoja, na hazikukutana. Ukuta wa kwanza uliwahusu waajiriwa. Sheria ya malipo ya kuachishwa kazi ilitungwa mwaka 1962, na Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi ukaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Mfuko huo ndio uliogeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) mwaka 1997, mwajiri na mfanyakazi wakichangia kwa jumla asilimia 20 ya mshahara. Ukuta wa pili uliwahusu wananchi wote: matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na hasa kuanzia mpango wa afya wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, fedha zilielekezwa kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini. Matibabu ya kibinafsi kwa faida yalipigwa marufuku mwaka 1977.

Kwa Kisaka, mwaka uliobadilisha mambo ni 1974, ulipofika wakati wa Operesheni Mara. Watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila ukoo katika kilima chake, waliamriwa kuhamia vijiji vilivyopimwa. Hesabu ya faida na hasara ya operesheni ile haijakubaliwa na wote hadi leo. Kwa upande mmoja, shule na zahanati zilisogea, chanjo ziliwafikia watoto wengi kuliko wakati wowote uliotangulia, na mama mjamzito aliweza kupimwa bila kutembea kutwa. Kwa upande mwingine, watu waliacha maghala yao na mashamba yenye rutuba katikati ya miaka ya ukame wa 1973 hadi 1975, mifugo mingi ikabanana pamoja, na vyanzo vya maji vikatumiwa na watu wengi kupita kiasi. Kipindupindu kilichoenea nchini kuanzia mwaka 1977 kilivikuta vijiji vya aina hiyo vikiwa tayari kukipokea. Hata hivyo zahanati zilibaki, na ndizo zilizotunza afya za watu wasio na mshahara kwa karibu miaka 20.

Serikali ya wakati huo haikuwa na fao la kukosa ajira, nayo haikulitaka. Mtazamo wake ulikuwa kwamba kijiji kina ardhi, na mwenye ardhi ana kazi. Kampeni ya mwaka 1976 ya kila mtu afanye kazi, kisha Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, ziliwakamata mijini watu wasio na ajira na kuwarudisha vijijini. Aliyefukuzwa Mwanza au Dar es Salaam kwa kukosa kitambulisho cha kazi alirudishwa Serengeti akalime. Kwa maneno mengine, serikali huru ilikitegemea kijiji kubeba mzigo ule ule ambao mkoloni alikitwisha. Tofauti ni kwamba safari hii kijijini kulikuwa na zahanati.

Lakini kijiji chenyewe kilikuwa kinadhoofika. Vyama vya ushirika, vilivyonunua kahawa ya milima ya Tarime na pamba ya nyanda za chini, vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa mwaka 1982 vikiwa hoi. Migodi ya Kiabakari na Buhemba ilikuwa imekwisha fungwa, wa kwanza mwaka 1966 na wa pili mwaka 1970. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Askari wengi wa Kikurya walipigana Uganda, na baada ya vita silaha za moto zikaonekana katika wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa mikuki na mishale. Mtafiti wa Marekani Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime katikati ya miaka ya 1990, alionyesha jinsi wizi huo ulivyokuwa umegeuka biashara: ng'ombe walivushwa mpaka kwenda kuuzwa Kenya, na vijana wasio na njia nyingine ya fedha wala mahari ndio waliojaza makundi.

Wangoreme wa Kisaka na majirani zao walikuwa miongoni mwa walioibiwa. Athari yake kwa afya ni rahisi kuikosa, kwa sababu haikuandikwa katika takwimu za hospitali isipokuwa pale mtu alipopigwa risasi. Kundi la ng'ombe ndilo lililokuwa akiba ya matibabu. Mama akipata uchungu usiokwenda vizuri, au mtoto akilazwa, ng'ombe mmoja alipelekwa mnadani. Zizi lililofagiwa usiku mmoja liliacha nyumba bila maziwa ya watoto, bila plau ya kulimia kwa maksai na bila cha kuuza siku ya ugonjwa. Kaya zilihama kanda za mpakani mwa koo zikaacha mashamba mazuri yakiota majani. Jeshi la jadi la sungusungu, pamoja na mabaraza ya kijiji yanayoitwa iritongo, vilichukua ulinzi mkononi, wakati mwingine kwa ukatili. Kuviita vyombo vya hifadhi ya jamii kunaweza kumshangaza msomaji, lakini mali iliyolindwa ndiyo iliyolipa hospitali.

Wakati akiba hiyo ikiporomoka, ukuta wa pili wa kinga nao ulibomolewa. Uchumi wa taifa ulikuwa umedhoofu, vituo vya serikali havikuwa na dawa, na masharti ya wakopeshaji yalikuwa mazito. Matibabu ya kibinafsi yaliruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali kubwa, ukashuka hospitali za wilaya mwaka uliofuata. Misamaha iliwekwa kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu na ukoma. Baadaye, kwa sera ya taifa, waliongezwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwa maskini wengine msamaha ulitegemea barua ya mtendaji wa kijiji.

Msamaha kwenye karatasi ulikuwa na mipaka yake. Barua ilisamehe ada ya kumwona mganga na dawa zilizokuwapo, lakini dawa isiyokuwapo haikusameheka, nayo ilinunuliwa duka la dawa kwa fedha taslimu. Nauli ya kwenda Mugumu, mji wa wilaya, au Tarime haikuwa na msamaha wa mtu yeyote. Mgonjwa alingojea nyumbani, akameza mitishamba na vidonge vya dukani, akapelekwa hospitali hali ikiwa imeharibika na gharama ikiwa imepanda. Kaya iliyouza ng'ombe wa kulimia ili ilipe matibabu ilivuna kidogo mwaka uliofuata. Hapa kukosa kipato kulisababisha ugonjwa, na ugonjwa ukasababisha kukosa kipato, na hakuna aliyeweza kusema kipi kilitangulia.

Jibu la serikali lilikuwa bima, na bima nayo ilifuata ule mgawanyiko wa kale wa mwenye mshahara na asiye nao. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara iliyogawanywa nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mtumishi. Kwa wakulima kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 kwa ada ya shilingi 5,000 kwa kaya kwa mwaka na kupata sheria yake mwaka 2001. Serikali iliahidi kuongeza kiasi sawa na kilichochangwa, utaratibu uliojulikana kwa jina la tele kwa tele. Katika kata kama Kisaka matokeo yake yalionekana kwa macho: mwalimu na nesi walikuwa na kadi iliyopokelewa hospitali za mikoa na iliyowabeba wenza, watoto na hata wazazi wao; mkulima aliyejiunga alikuwa na kadi ya zahanati yake tu. Wengi hawakujiunga kabisa. Ada ilidaiwa kwa mkupuo, na fedha ya mkulima huonekana baada ya mavuno, ilhali malaria hushamiri katika mvua, wakati ghala ni tupu. Mfuko ulioboreshwa ulioanza mwaka 2018 ulipandisha ada hadi shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita nje ya Dar es Salaam, na kwa malipo hayo uliruhusu rufaa hadi hospitali ya mkoa.

Sura yenye mambo mengi zaidi katika historia hii ni ya Nyamongo, ng'ambo ya Mto Mara, mahali ambapo vijana wa pande zote mbili za mto walitafuta maisha. Katika miaka ya 1980 na 1990 uchimbaji mdogo wa dhahabu ulikuwa umekuwa ajira kubwa ya eneo hilo. Haikuwa ajira ya afya. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliporomoka, vumbi la mwamba liliharibu mapafu, na zebaki iliyotumiwa kukamata dhahabu ilichomwa kwenye makaa nyumbani, mvuke wake ukavutwa na wanawake na watoto. Lakini ililipa karo, mahari na dawa. Uzalishaji wa mgodi mkubwa wa North Mara, hapo hapo Nyamongo, ulianza mwaka 2002. Mgodi ulipita mikononi mwa kampuni kadhaa: Afrika Mashariki Gold Mines, Placer Dome mwaka 2003, Barrick mwaka 2006, kampuni tanzu iliyoitwa African Barrick Gold na baadaye Acacia, kisha tena Barrick kuanzia mwaka 2019, safari hii kwa ubia na serikali kupitia kampuni ya Twiga.

Mgodi ulileta ajira chache zenye mkataba na mafao, na uliondoa riziki nyingi zisizo na mkataba. Aliyeajiriwa alipimwa afya, alichangiwa NSSF, na tangu mwaka 2015 analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaogharimia matibabu ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Mchimbaji mdogo aliyepoteza duara lake hakuwa amefukuzwa kazi kwa mujibu wa sheria yoyote, kwa kuwa kisheria hakuwa ameajiriwa. Vijana wengi waligeukia mawe ya mabaki, yale ambayo Kanda ya Ziwa huyaita magwangala, wakiingia eneo la mgodi kuyaokota. Mapambano na polisi na walinzi yalifuata, na watu waliuawa na kujeruhiwa kwa miaka kadhaa. Tukio la Mei 2011, ambapo watu kadhaa waliuawa kwa risasi kwa siku moja, lilifika hadi magazeti ya dunia, na kesi iliyofunguliwa London na baadhi ya waathirika ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Mwaka 2009 maji machafu kutoka mgodini yaliingia Mto Tigithe, na wakazi wakalalamika juu ya vidonda vya ngozi na vifo vya mifugo.

Katika nchi zenye viwanda, uhusiano wa kukosa ajira na afya umechunguzwa kwa muda mrefu kwa njia nyingine. Utafiti maarufu wa Marienthal huko Austria, uliochapishwa mwaka 1933 baada ya kiwanda cha nyuzi cha mji huo kufungwa, ulikuta watu waliopoteza kazi wakitembea polepole, wakisoma kidogo na kukata tamaa, ijapokuwa walikuwa na muda wote duniani. Nyamongo haifanani na Marienthal. Hapa aliyepoteza riziki hakai kitako. Anahamia kazi ya hatari zaidi, na madhara kwa afya hayaji kwa unyong'onyevu, yanakuja kwa jeraha, zebaki na risasi. Upande wa kusini, mipakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951, kazi hiyo ya hatari ilikuwa uwindaji haramu, ambao ulimweka kijana kati ya nyati na gereza.

Utalii ulikuwa riziki nyingine ya Serengeti, na mwaka 2020 ulionyesha jinsi ilivyo tete. Watalii walioingia Tanzania walipungua kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi wapatao 620,000. Wapishi, madereva na wahudumu wa hoteli za porini walirudishwa nyumbani, wengi kwa likizo bila malipo. Mwenye kadi ya bima iliyolipwa na mwajiri aliikosa pamoja na mshahara, jambo linalotokea kila ajira inapokoma: kinga ya ugonjwa inaondoka siku ile ile mtu anapoihitaji zaidi.

Fao la kukosa ajira lenyewe ni jipya, na lilizaliwa kwa ugomvi. Kwa miaka mingi mwanachama aliyeacha kazi aliweza kuchukua michango yake yote, kwa fao lililoitwa la kujitoa. Bunge lilipolifuta mwaka 2012, wafanyakazi, hasa wa migodini, walikuja juu, na utekelezaji ukarudishwa nyuma. Hoja yao ilikuwa nzito: mchimbaji anayeachishwa kazi akiwa na miaka 35, kifua kikiwa tayari kimeanza kumsumbua, hawezi kungoja hadi miaka 55. Sheria za mwaka 2018, zilizounganisha mifuko ya umma kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) na kubadili NSSF, zilileta fao jipya: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake.

Kwa wasio na mwajiri, mpango uliogusa afya kwa uwazi zaidi ni ule wa kunusuru kaya maskini, ulioanzishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) mwaka 2012. Walengwa hutajwa katika mkutano wa kijiji na majina yao kuingizwa kwenye daftari. Sehemu ya ruzuku hutegemea watoto wadogo kupelekwa kliniki na wakubwa kwenda shule. Katika awamu ya kwanza ya mpango huo palikuwa pia na ajira za muda katika miezi ya njaa, siku 60 kwa mwaka, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku. Majaribio yaliyotangulia, yaliyofanywa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia mwaka 2010, yalifanyiwa tathmini ya makini. Mahudhurio ya zahanati yalipanda mwanzoni kisha yakashuka, watoto wadogo wakawa na afya nzuri zaidi, na kaya nyingi zilizopata ruzuku zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Maskini walipopata fedha ndogo ya uhakika, walinunua bima bila kulazimishwa. Matokeo hayo yanawapinga waliodai miaka mingi kwamba mkulima hajiungi kwa sababu haelewi.

Mpaka wa Tanzania na Kenya, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 katikati ya koo za Kikurya, umeacha jaribio jingine ambalo hakuna aliyelipanga. Tangu mwaka 2018, mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa upande wa Isebania hupewa na serikali ya Kenya shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa umri huo shilingi 20,000 kwa mwezi Aprili 2016. Mzee wa ukoo ule ule akiwa upande wa Sirari, au akiwa Kisaka, hana pensheni ya namna hiyo. Ana msamaha wa matibabu, watoto wake, na ng'ombe kama wapo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na inaelekeza ushuru wa bidhaa kama vinywaji baridi na vileo usaidie kuwalipia wasio na uwezo. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, itakuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993 kwa maskini wa Kisaka na mwalimu wa Kisaka kuingia hospitali kwa haki inayotoka katika sheria moja. Upande wa riziki haujabadilika. Fao la kukosa ajira bado halimhusu mtu ambaye hakuwahi kuwa na mwajiri, na watu wa namna hiyo ndio wengi wa Kisaka.